Saa ya meli kuondoka sio saa ya kufika bandarini

Jamani hili naliona kila mara, mtu tiketi yake ya meli ya kitalii kutoka Miami inasema meli inaondoka saa 10 jioni, basi anajua akitokea saa 9 na nusu yuko freshi kabisa. Hapana! Sheria ya Marekani inataka meli iwe imeshatuma orodha kamili ya abiria kwa watu wa forodha na mipaka angalau dakika 60 kabla ya kung'oa nanga, sasa orodha ikifungwa na jina lako halimo, hata kama meli unaiona pale mbele na ngazi bado haijatolewa, huingii, na wala sio roho mbaya ya yule dada wa kaunta.

Ila kuwahi alfajiri nako hakusaidii, maana asubuhi hiyo meli ileile inashusha abiria wa safari iliyopita na vyumba vinasafishwa. Nenda kwenye muda uliopangiwa.

Na tafadhali sana, sanduku ukishampa mchukuzi pale nje utalikuta chumbani baadaye, pengine jioni kabisa, kwa hiyo pasipoti na dawa zibaki kwenye begi la mkononi.