Je, wajua kwa nini mchimbaji mwenye silikosisi, ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi la miamba, huambiwa atembee?

Aliyechoronga miamba Mererani kwa miaka, au aliyekesha mbele ya karasha, mashine ya kusaga mawe, kule Geita, huweza kufika kliniki akitweta kwa kupanda ngazi chache tu. Picha ya kifua inaonyesha makovu. Nyumbani wanamwambia apumzike, daktari anamwambia atembee. Amsikilize nani?

Daktari, ila si kwa sababu wengi wanayoidhani. Mazoezi hayazibui mapafu. Vumbi la silika, madini yaliyomo kwenye miamba, likizama kwenye vifuko vya hewa, seli za kinga hulimeza zikafa, na mahali pake hubaki kovu lisilo na dawa ya kulifuta. Hata baada ya wiki nane za mazoezi, kipimo cha kupuliza hutoa namba karibu zilezile.

Kinachobadilika ni mapaja. Anayeogopa kuhema hukaa, na akikaa misuli hunywea. Misuli iliyonywea huzalisha asidi laktiki mapema, mtu akiwa ametembea kidogo tu. Damu ikiipoza asidi hiyo hutokea kaboni dioksidi ya ziada, ambayo haina pa kutokea ila puani na mdomoni. Basi mapafu mabovu hutwishwa deni la miguu. Miguu ikishazoezwa, mwendo uleule hudai pumzi chache.

Ndiyo maana maendeleo hupimwa kwa miguu: korido ya mita 30, dakika 6, mtu aende na kurudi kadiri awezavyo. Akiongeza mita 30 hivi juu ya alizopata mwanzo, kwa kawaida naye mwenyewe huihisi tofauti.

Lakini kwanza makohozi yapimwe, maana TB huwaandama sana wenye silika kifuani. Hospitali ya Kibong'oto, Siha, inalijua hilo vizuri kwa wachimbaji inaowapokea. Baada ya hapo ni kutembea na kuinuka kitini mara mbili au tatu kwa wiki, chini ya mtaalamu wa viungo. Kuhema kunaruhusiwa, mradi uweze kusema sentensi fupi. Oksijeni inayopimwa kidoleni ikishuka chini ya asilimia 88, au kifua kikiuma, simama.

Wengine, wakishapata nguvu, huuliza kama warudi duarani, yaani kwenye shimo la machimbo. Hapana. Silikosisi huweza kuendelea hata kwa aliyeacha kazi zamani, na vumbi jipya huiongezea mwendo.