Kabla Hujaita Greda: Nyumba Ndogo Mbele ya Mandhari Kubwa

Mtu akishanunua kiwanja mlimani, kazi ya kwanza kwa mazoea yetu ni kuita greda. Mteremko unakatwa, udongo unasukumiwa bondeni, mawe yanavunjwa, miti inang'olewa, hadi kiwanja kinakuwa sawa kama uwanja wa mpira. Hapo ndipo msanifu majengo anapoitwa achore nyumba "inayoendana na mazingira". Nimeitwa hivyo zaidi ya mara moja na kila mara roho imeniuma, maana kile hasa alicholipia mteja kimeshamwagwa korongoni.

Ndiyo maana katika idara yetu, tunapofundisha ujenzi wa sehemu zenye mandhari ya kutisha kwa uzuri, tunaanzia mbali kidogo: magharibi mwa Norway, kwenye bonde la Valldal. Kuna hoteli pale inaitwa Juvet, jina ambalo kwa lugha ya kwao maana yake ni "korongo". Wasanifu wake, ofisi ya Jensen & Skodvin, walikuta mto unaokimbia kwa kelele, majabali yenye kuvu la kijani, na miti iliyosimama ovyo kama ilivyojiotea. Hawakulipua jiwe hata moja. Badala ya jengo moja kubwa la vyumba vingi, walitawanya vibanda vidogo vya mbao, saba kwa kuanzia, kila kimoja mahali pake kati ya mawe na miti.

Vimesimamaje? Kwa fito za chuma nene za milimita 40, zilizochomekwa kwenye matundu yaliyotobolewa mwambani. Kibanda kinakaa juu ya fito hizo, na chini yake maji ya mvua na theluji inayoyeyuka yanapita njia yake ya zamani. Ikitokea siku moja vibanda vinaondolewa, yatabaki matundu machache tu jiweni. Kila chumba kimegeuziwa upande wake, hakuna kinachochungulia kingine. Ndiyo sababu kuta nzima zimeweza kuwa za kioo na mgeni bado akabaki na faragha yake: mbele yake kuna mto, au jabali, au mashina ya miti, basi.

Kuna jambo moja la ndani ya vyumba vile ambalo wanafunzi wetu hawalitegemei. Kuta za mbao zimepakwa mafuta yaliyochanganywa na rangi nyeusi. Wengi huuliza, chumba kidogo si kingepakwa rangi nyeupe kionekane kipana? Jaribu nyumbani kwako saa kumi na mbili jioni. Simama mbele ya dirisha la kioo ukiwa umevaa shati jeupe, kisha rudia ukiwa na shati jeusi. Ukiwa na jeupe utajiona wewe mwenyewe kiooni, wala hutauona vizuri mwembe ulio nje. Kioo hukurudishia chochote chenye mwanga kilicho upande wako. Ukuta mweusi haurudishi kitu, kwa hiyo kioo kinapotea na msitu unaingia ndani. Kwangu mimi, uamuzi ule wa rangi unazidi kwa thamani umbo lolote la ajabu ambalo wangeweza kulibuni.

Mfano wa pili uko Hjerkinn, kwenye nyanda za juu za Dovrefjell, nchini Norway vilevile. Ni banda la kuangalizia mlima Snøhetta na kulungu wa baridi wa kule (reindeer), wale wanyama wa pembe za matawi, lililomalizika mwaka 2011. Kwa nje ni sanduku la chuma lililoachwa lishike kutu, rangi yake ikawa kama ya miamba na nyasi za pale. Kwa ndani ni benchi kubwa la mbao za msonobari lililopindapinda kama jiwe lililolambwa na upepo na maji. Mbao zile zilichongwa na waunda vyombo vya baharini na kuunganishwa kwa vigingi vya mti, na upande wa nje zikapakwa lami ya msonobari. Fundi wa jahazi wa Lamu au Nungwi, aliyezoea kupaka sifa, yale mafuta ya papa, kwenye mbao, hangehitaji kufafanuliwa kwa nini.

Kwetu nako tunayo ya kutazama. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu amelala Mandara au Horombo, kwenye vibanda vya mbao vya pembetatu vilivyojengwa kwa msaada wa Norway miaka ya 1970. Paa linashuka mpaka karibu na ardhi, linafanya kazi ya ukuta. Upepo hauna pa kushikia, na mvua inateleza tu. Lakini kabla ya vibanda hivyo, Wachaga walikuwa na msonge ulioezekwa nyasi kutoka kichwani hadi chini, kwenye mlima huohuo, kwa mvua ileile. Jibu lilikuwa limeshapatikana.

Sasa tahadhari. Fito za Juvet zinashika kwa sababu pale kuna mwamba mgumu. Usambara na Uluguru, sehemu kubwa utakuta udongo mzito uliokaa juu ya mwamba, na ukiukata chini umeondoa kilichokuwa kinaushikilia wa juu. Udongo uliomwagwa upande wa bonde nao haujashikana, mvua za masika zikija unakuwa tope. Kwa hiyo usichukue picha ya hoteli ya Norway ukampa fundi aige. Mlete mtaalamu wa udongo apime kwanza, ndipo ijulikane nguzo ziende kina gani, na kama panajengeka kabisa.

Kabla hata ya huyo, fanya kazi isiyo na gharama. Nenda kiwanjani siku ya mvua kubwa, na buti zako, utazame maji yanapita wapi. Chomeka vijiti kwenye njia zake. Rudi siku ya jua na kamba, zungushia kila mti na kila jabali ambalo ungeumia likiondoka. Kisha keti kwenye kigoda pale unapofikiri patakuwa sebule, asubuhi mara moja na jioni mara moja, uone jua linakuja upande gani na jicho lako linakimbilia wapi. Mpe msanifu vijiti, kamba na hicho kigoda, aanze kuchora hapo.