Uzito umegoma kushuka baada ya operesheni, nifanyeje?

Mi ni muuguzi, niko Mwanza, na dada yangu wa tumbo moja alifanyiwa operesheni ya kupunguza uzito Dar akarudi kuuguzwa nyumbani kwetu Igoma, kwahiyo haya mambo nimeyaona kazini na nimeyaona jikoni. Tangu watu wajue hilo napokea maswali mengi na karibu yote yanazunguka pale pale, nilikuwa napungua vizuri alafu ghafla mzani umeganda. Nimeyakusanya hapa, nayajibu kama ninavyomjibu dada.

Swali: Nina wiki ya tatu tangu nifanyiwe sliv (operesheni ya kupunguza mfuko wa chakula), nimekwama kwenye kilo 118 siku ya kumi na mbili leo, nakunywa supu na maziwa tu. Ina maana operesheni imefeli?

Hapana dada, haijafeli, futa machozi kwanza. Hii ya wiki ya tatu inawapata wengi mno, wengine inaanza wiki ya pili wengine ya tano, na inakaa wiki moja mpaka tatu hivi alafu inaachia yenyewe. Sababu yake ni hii. Mwili una akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, inaitwa glaikojeni, na kila gramu moja ya hiyo akiba imeshikana na karibu gramu tatu za maji. Siku za kwanza baada ya operesheni huli kitu, mwili unachoma ile akiba, maji yake yanatoka kwa mkojo, we unaona kilo zinaanguka kila ukipima unafurahi. Sehemu kubwa ya zile kilo ni maji. Sasa ukianza kunywa supu nzito na uji kidogo mwili unarudisha akiba na maji yake yanarudi nayo, huku chini mafuta yanaendelea kupungua, ila mzani haujui kutofautisha maji na mafuta, unakuonesha namba ile ile.

Na kitu kingine, wengi huku mtaani wanaita kukata utumbo lakini kwenye sliv utumbo haukatwi, kinachotolewa ni sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kama asilimia 75 hadi 80, unabaki mrija mwembamba kama ndizi. Ile sehemu iliyotolewa ndo ilikuwa inatengeneza kwa wingi homoni ya njaa. Haijarudi. Kwahiyo wiki ya tatu usibadilishe chochote, fuata ratiba ya chakula uliyopewa, kunywa maji kidogo kidogo kutwa nzima ufike lita moja na nusu, na ule mzani uweke chini ya kitanda.

Swali: Mi wa kwangu sio wiki ya tatu, nina miezi nane, mwezi mzima sasa haujashuka hata nusu kilo.

Hapo ni jambo lingine kabisa, na hapa nitakaa kidogo.

Kwanza ujue mwili wako umekuwa mdogo. Angalia mtumbwi wa injini unaotoka Ukerewe na magunia, ukishusha nusu ya mzigo njiani hauwezi kula mafuta yale yale uliyokuwa unakula mwanzo. Na we ni hivyo, kilo 130 zilikuwa zinahitaji chakula kingi kujibeba, kilo 95 zinahitaji kidogo, tena mwili ukiona unapungua haraka unajibana zaidi, unaanza kubania matumizi. Kwahiyo kile kiasi kilichokuwa kinakupunguza mwezi wa tatu, mwezi wa nane kinaweza kuwa kinakutosha tu. Kwa kawaida watu wanaendelea kupungua mpaka mwezi wa 12 hadi wa 18 hivi, alafu uzito unatulia. Ukiwa na miezi nane bado una safari, ila lazima utafute kinachoizuia.

Nikwambie tulivyotafuta kwa dada. Alikwama mwezi wa saba, akaapa kwamba anakula kidogo sana, na kweli sahani yake ilikuwa kama ya mtoto wa miaka miwili. Nikamwambia tuandike siku tatu, kila kinachopita mdomoni, hata cha kuonja. Siku ya kwanza tu tukakiona. Asubuhi chai ya maziwa vijiko vitatu vya sukari, saa nne tena, jioni tena, usiku tena, hiyo ni vijiko 12 na karibu kalori 190 kabla hajatafuna kitu. Katikati ya siku anachukua michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, anaviringisha mdomoni kimoja kimoja huku anaongea na wateja, hata haoni kama anakula. Alafu nikasimama naye jikoni anapika dagaa. Dagaa wenyewe kiganja kimoja, wazuri, kanunua soko la samaki la Mwaloni Kirumba, ila sufuria ilimiminiwa mafuta mpaka dagaa wanaogelea. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori 120 hivi, mi nilihesabu vitatu. Hakuwa anadanganya jamani. Alikuwa anaangalia ukubwa wa sahani, na mwaka wa operesheni kuangalia ukubwa wa sahani hakutoshi.

Vyakula vinavyoteleza ndo adui mkubwa, yaani vile ambavyo vinapita ule mrija haraka bila kukushibisha. Soda, juisi ya embe hata ya nyumbani, biskuti, andazi lililochovywa kwenye chai, aiskrimu, uji wa sukari. Samaki anakaa tumboni anakwambia imetosha, biskuti iliyolowa kwenye chai haikwambii chochote, utakula pakiti nzima. Aliyefanyiwa baipasi, ile operesheni ambayo chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na kipande cha utumbo, mara nyingi akila sukari nyingi mwili unamuadhibu palepale, moyo mbio, jasho, kizunguzungu, tumbo linavuruga. Wa sliv wengi hawapati hiyo adhabu, kwahiyo ni rahisi zaidi kuteleza.

Swali: Si nipunguze tu kula, nibaki na mlo mmoja kwa siku?

Usifanye hivyo, nakuomba. Ukikosa protini mwili unakula misuli, na misuli ndo inayochoma nguvu hata ukiwa umelala, kwahiyo unajikwamisha zaidi, nywele zinakatika, unachoka kupanda hata ngazi za nyumbani. Unatakiwa upate gramu 60 hadi 80 za protini kila siku, na kwa kitumbo kidogo huwezi kuzipata mlo mmoja, lazima uzigawe mara tatu nne.

Na sisi wa Mwanza hatuna kisingizio kwenye hili, ziwa liko mlangoni. Nyama ya sato iliyopikwa gramu 100, kama kiganja bila vidole, inakupa gramu 25 hivi. Sangara naye yumo. Yai moja ni gramu 6. Kikombe cha mtindi usio na sukari ni gramu 8. Maharage nusu kikombe gramu 7. Cha muhimu ni mpangilio kwenye sahani, anza na samaki, fuatisha mboga, ugali uwe wa mwisho na ukishiba uuache. Najua kwetu ugali wa udaga, ule wa muhogo, ndo chakula na samaki ni kitoweo, mama yangu mpaka leo haelewi mtu anakulaje samaki bila ugali, ila dada alimwambia kwa upole "mama, mi sasa kitoweo ndo chakula changu", naye akazoea hivyo hivyo.

Maji usinywe na chakula. Ukimaliza kula subiri nusu saa ndo unywe, la sivyo chakula kinasukumwa na njaa inarudi mapema. Na kayabo, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, usile mara kwa mara, ile chumvi inashika maji mwilini, kesho yake unapima umeongezeka kilo nzima unalia bure.

Swali: Mazoezi ya jimu siyawezi, sina hela wala muda.

Anayekaa Mabatini au Bugarika jimu anayo, ile milima ya mawe mnayopanda kurudi nyumbani. Lengo ni dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi, yaani nusu saa siku tano, shuka daladala vituo viwili kabla. Ila kutembea peke yake mwili unazoea. Ongeza kazi ya misuli mara mbili au tatu kwa wiki, kaa na usimame kwenye kiti mara kumi na tano, pumzika, rudia, sukuma ukuta, nyanyua vidumu vya lita tatu vya maji. Vitu vizito subiri daktari akuruhusu, kawaida ni baada ya wiki nne hadi sita kidonda cha ndani kipone.

Swali: Chakula nimepanga, natembea, bado. Inaweza kuwa dawa?

Inaweza sana, na watu wengi hawaliulizi hili. Prednisolone, amitriptyline, baadhi ya dawa za kifafa na za magonjwa ya akili, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kwa baadhi ya wanawake, zote zinaweza kuzuia uzito usishuke. Wenye kisukari angalieni sana, baada ya operesheni sukari inashuka yenyewe, ukibaki na insulini au glibenclamide dozi ya zamani sukari inaporomoka, unatetemeka, unakimbilia soda kujiokoa, kila siku hivyo. Usiache dawa mwenyewe, zipeleke zote kwenye mfuko kwa daktari wako azipitie. Apime pia tezi ya shingo na damu.

Na wadada, mimba. Uzito ukishuka uzazi unafunguka hata kwa aliyekaa miaka mingi bila mtoto, na inashauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18 baada ya operesheni. Kwa waliofanyiwa baipasi vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza visifyonzwe vizuri, ongea na kliniki upewe njia nyingine. Kabla hujasema uzito umekwama, pima mimba.

Swali: Kuna chai ya kusafisha tumbo inauzwa, wenzangu wanasema inakwamua.

Inakuharisha tu. Unapoteza maji na potasiamu, mzani unashuka siku mbili unarudi, na we tayari unahangaika kupata vitamini za kutosha. Usiinywe. Zipo sindano za kupunguza uzito ambazo madaktari wanawapa baadhi ya waliokwama, hizo ni za kuandikiwa na daktari baada ya vipimo, sio za kununua kwa mtu anayetangaza kwenye simu.

Swali: Mi sikufanyiwa operesheni, niliwekewa puto tumboni, haya yananihusu?

Ya chakula na mazoezi ndio. Ila puto ni la muda, linatolewa baada ya miezi sita au mwaka kutegemea aina, kwahiyo ukikwama mwezi wa tatu rudi mapema kwa aliyekuwekea.

Swali: Lini nisisubiri?

Ukitapika siku mbili mfululizo, maumivu makali ya tumbo, homa, moyo kwenda mbio, choo cheusi kama lami, mguu mmoja kuvimba na kuuma, ganzi miguuni, kuona mbilimbili au kuyumba. Hizo mbili tatu za mwisho kwa anayetapika ni dalili ya kuishiwa vitamini B1 na inaharibu mishipa ya fahamu haraka, nenda Bugando au hospitali iliyo karibu, sema mwanzoni kabisa kwamba ulifanyiwa operesheni ya tumbo. Na maumivu ya mgongo yasikufanye umeze diclofenac wala ibuprofen, zinachoma, unapata vidonda, hasa wa baipasi. Vitamini za kila siku ni za maisha yote, hata ukijisikia mzima.

Swali: Nipime uzito mara ngapi?

Mara moja kwa wiki, mzani ule ule, asubuhi baada ya chooni kabla ya kula, na wiki ya hedhi iruke. Alafu nunua tepe ya fundi cherehani, ya elfu moja tu, pima kiuno, nyonga na paja, andika. Dada kwenye ule mwezi wa saba mzani ulikaa pale pale wiki tano, kiuno kikapungua sentimita nne. Alikuja kuniita bafuni, amejifunga kitenge, kile ambacho mwaka jana ncha zake zilikuwa hazikutani, anakizungusha mara ya pili na bado kinabaki.