Jana Alielewa, Leo Kasahau: Dhana Potofu Kuhusu Kumfundisha Mtoto

Mtoto aliyejibu maswali yote jana jioni, na leo asubuhi hana hata moja, si mvivu wala si mzito wa kuelewa. Mara nyingi tatizo limo katika namna alivyofundishwa, na namna hiyo haiachwi kwa sababu palepale huonekana kufanya kazi.

Dhana: Akirudiarudia kusoma, yataingia

Ukurasa ukisomwa mara ya tatu, maneno huwa mepesi, na wepesi huo ndio unaomdanganya mtoto na mwalimu wake. Kutambua jibu lililo mbele ya macho ni jambo moja. Kulitoa kichwani kitabu kikiwa kimefungwa ni jingine kabisa. Mwaka 2006, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapima wanafunzi wa chuo nchini Marekani. Baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili waliongoza. Baada ya wiki 1 mambo yakageuka: waliosoma mara moja kisha wakaandika walichokumbuka bila kutazama walikumbuka takriban asilimia 56 ya waliyosoma, wenzao 42.

Kwa hiyo funga kitabu, uliza maswali matatu, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kunakotushinda wengi. Mary Budd Rowe, aliyechunguza vipindi vya sayansi, aliona walimu husubiri jibu kwa kama sekunde 1 tu; waliposubiri 3 au zaidi, majibu yalirefuka na watoto walionyamaza wakapungua. Mtoto akikosea, msahihishe hapohapo, la sivyo atakalolikumbuka ni kosa lenyewe. Akikosa yote matatu, umemuuliza mapema mno: fundisha upya, umuulize tena baada ya dakika 10.

Dhana: Somo likichangamka, litakumbukwa

Mtoto hukumbuka kile alichokifikiria, hata kama sicho ulichokusudia. Chukua mfano wa sehemu. Mtoto anayejua kuhesabu ana sababu nzuri ya kuamini kwamba 1/8 ni kubwa kuliko 1/4: si 8 imeizidi 4? Ukimpa kanuni kwamba asili (namba ya chini) ikikua sehemu hupungua, ataikariri leo na keshokutwa ataigeuza.

Kata kanda mbili za karatasi, kila mmoja urefu wa sentimita 24. Kabla hajagusa chochote, mwache abashiri ipi ni kubwa na aandike ubashiri wake. Asipoandika, baadaye atasema alijua tangu mwanzo. Ukanda wa kwanza aukunje nusu mara mbili, apate robo za sentimita 6. Wa pili mara tatu, apate vipande vya sentimita 3. Akate kimoja kutoka kila ukanda na kuvilaza sambamba, kisha aeleze kwa maneno yake kwa nini namba kubwa imezaa kipande kidogo. Akishaeleza ndipo achore, na mwisho kabisa aandike 1/4 > 1/8. Halafu mpe asichokiona bado: 1/3 itaangukia wapi? Abashiri, ndipo apime kwa ukanda mwingine wa urefu uleule. Atapata sentimita 8.

Hapa kuna mitego. Kanda zikitofautiana urefu, mtoto atalinganisha karatasi badala ya sehemu. Ukileta gundi na rangi, kipindi kitaishia kwenye mapambo, na kesho ukimuuliza atakutajia rangi. Na ukiishia kwenye ukanda tu, atakwama mbele ya robo ya duara au robo ya vitu 12. Mpe mifano mitatu isiyofanana sura, na mmoja usio sahihi: ukanda uliogawanywa vipande vinne visivyolingana. Akisema kila kipande hapo ni robo, bado hajaelewa.

Dhana: Kuna mtoto wa macho, wa masikio na wa mikono

Watoto wana wanachokipenda, ni kweli. Lakini mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwapo na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha kila mmoja kwa “mtindo wake” kunamfanya ajifunze zaidi. Kinachoamua njia ni somo lenyewe: pembetatu huhitaji mchoro, matamshi huhitaji masikio. Piramidi ile inayodai tunakumbuka asilimia 10 ya tunachosoma na 90 ya tunachotenda nayo haina msingi. Huhusishwa na mchoro wa 1946 wa Edgar Dale, mtaalamu wa elimu wa Marekani, ambao haukuwa na asilimia hata moja. (Namba nadhifu hivyo, zote zikiishia na sifuri, zingetosha kututia shaka.)

Dhana: Kiimbe, hatakisahau

Wimbo hushika mpangilio wa maneno, haushiki maana. Muulize mtoto herufi inayotangulia m: ataanza kuimba kimoyomoyo tangu a. Tumia wimbo kwa orodha, na usiutarajie ueleze kwa nini.

Dhana: Kipindi kimoja kirefu humaliza kazi

Dakika 40 za siku moja ukizigawa kuwa 10 kwa siku nne, zitazaa zaidi. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus, aliyeipima kumbukumbu yake mwenyewe, alilieleza hilo mwaka 1885: kusahau huenda kasi mwanzoni, na marudio yaliyoachanishwa hushinda yaliyorundikwa. Ratiba inayofaa ni kesho yake, siku ya nne, baada ya wiki, kisha baada ya mwezi, dakika 5 tu kila mara, tena kwa maswali, si kwa kusoma upya.

Changanya pia aina za maswali. Mpe mtoto hesabu 20 za kutoa mfululizo na kufikia ya tano hasomi tena swali, anatoa tu. Ukichanganya kujumlisha, kutoa na kuzidisha, kila swali humlazimu achague njia. Siku ya kwanza alama zitashuka na mzazi atalalamika. Usirudi kwenye mazoezi ya aina moja. Mpime tena baada ya wiki 2, ndipo ulinganishe.