Ukiona kila mtu anapeleleza: maswali na majibu kuhusu hofu ya mashambulizi

Nimesikia magaidi hupeleleza mahali kabla ya kushambulia. Sasa nikiingia jumba la maduka hapa Nairobi natafuta milango ya kutokea kwanza. Ninaumwa?

Kwa hilo peke yake, hapana. Tena ulichosikia ni kweli. Mwaka 2000, Ali Mohamed, aliyewahi kuwa mwanajeshi wa Marekani, alikiri mahakamani New York kwamba mwishoni mwa 1993 alitumwa na Osama bin Laden kupeleleza ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, akaupiga picha. Bomu lililipuka tarehe 7 Agosti 1998. Watu 213 walikufa hapa.

Kinachotisha ni ile miaka ya katikati. Mtu alipita, akapiga picha, akaenda zake, na waliomwona waliona mpita njia tu. Ndipo akili inapoamua kumshuku kila mpita njia.

Nitajuaje kuwa tahadhari imegeuka ugonjwa?

Tazama inakunyima nini. Kujua mlango wa dharura uko wapi ni busara. Lakini kuna abiria anayeshuka matatu pale Ngara kwa sababu aliyeketi mbele yake amesukuma begi chini ya kiti. Moyo unamwenda mbio, shati limelowa jasho, na anamalizia safari kwa miguu. Kesho anafanya vivyo hivyo. Mwili wake umebaki katika hali ya hatari, unamwaga adrenalini pasipo na adui. Kama aliwahi kunusurika tukio la kutisha, na hali hii pamoja na jinamizi, kushtuka ovyo na kukwepa mahali fulani imepita mwezi mmoja, amwone daktari. Huenda ni maradhi ya kiwewe, nayo yanatibika.

Mimi sikuwepo kwenye shambulio la jumba la maduka la Westgate 2013 wala la hoteli ya DusitD2 2019. Niliona video tu.

Video zinatosha kukunyima usingizi. Baada ya mabomu ya Boston ya 2013, watafiti waligundua kuwa waliofuatilia habari za tukio saa sita au zaidi kwa siku walikuwa na msongo mkubwa kuliko hata waliokuwa pale. Basi ile video unayotumiwa kwenye WhatsApp, ifute. Hutampata mpelelezi humo.

Namwogopa jirani yangu Msomali. Nifanye nini?

Mwamkie. Ripoti polisi kitendo unachokiona, usiripoti kabila wala buibui. Aprili 2014 watu wengi, hasa Wasomali, walikamatwa na polisi mtaa wa Eastleigh na kuzuiliwa uwanja wa Kasarani. Huenda jirani huyo naye anashtuka mlango ukigongwa usiku.

Tiba ni ipi?

Kwanza mazungumzo na mtaalamu, ambapo unarudi hatua kwa hatua kwenye kumbukumbu na mahali unapokwepa. Daktari anaweza kuongeza dawa kama sertralini. Diazepamu (dawa ya kutuliza) ya kununua dukani, pombe na miraa vinazidisha tatizo. Usimlazimishe aliyenusurika kusimulia siku ileile. Mpe maji, mtafutie watu wake, mwache aongee akitaka. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Kuna tahadhari moja ya kweli ya kukumbuka?

Ipo. Mwaka 1998 wengi walisikia kishindo cha kwanza wakaenda madirishani kuchungulia, ndipo bomu lenyewe likalipuka na vioo vikawaingia machoni. Ukisikia mlipuko, kaa mbali na dirisha, lala chini.