Kusini kwa pikipiki: yanayosemwa vijiweni na yanayokutwa barabarani

Ikikaribia Juni simu yangu huwa haitulii. Ni ndugu na marafiki wa Dar es Salaam na Morogoro, wamechoka na Bagamoyo, wanataka kutoka na pikipiki siku nne au tano waende mahali ambako hawatapishana na misururu ya magari ya watalii. Nikiwaambia waje huku Mtwara, hapo ndipo yanapoanza maneno ya vijiweni: huko hakuna barabara, huko utazama mchangani, huko bila pikipiki kubwa hufiki. Mengine yalikuwa kweli zamani, mengine hayajawahi kuwa kweli hata siku moja. Na yapo ambayo hakuna anayeyasema, ilhali ndiyo yanayowaponza wanaokuja.

"Kusini hakuna barabara"

Neno hili lina asili yake. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakikolea abiria walilala njiani. Daraja lile la mita 970 lilimaliza shida ya mto. Kikabaki kipande cha kilomita 60 hivi kati ya Ndundu na Somanga, kilichochelewa sana kupata lami. Leo ni lami kutoka Dar hadi Mtwara, kilomita 560 hivi, na mtu asiye na haraka anazigawa kwa siku mbili, akilala Kilwa au Lindi.

Bado mvua ina nguvu zake. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara maeneo ya Somanga na magari ya kusini yakakwama. Kwa hiyo kama mvua kubwa imenyesha wiki hiyo, piga simu uulize hali ya Somanga kwanza kabla hujafunga mizigo.

Lakini lami si sawa na njia nzuri. Barabara ya Masasi kwenda Mtwara, ile inayofuata bonde la Lukuledi, siku hizi imebeba malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma kwenda bandarini. Ukiwa nyuma ya lori la namna hiyo na pikipiki ndogo, humwoni Nyangao wala Ndanda, unaona turubai na moshi. Ndiyo maana wanaonisikiliza nawapeleka kwa njia ya juu: Mtwara, Nanyamba, Tandahimba, Newala, kisha kushuka Masasi. Ni kilomita 210 hivi. Mwanzo ni lami, na huko mbele ujenzi wa lami umekuwa ukiendelea, basi jiandae kwa vumbi na njia za mchepuko.

"Majira ni yaleyale ya Dar"

Hili ndilo kosa linaloharibu safari nyingi, na wanaolifanya ni watu makini waliopanga kila kitu. Mtu wa Dar anajua ana vuli, halafu Januari na Februari jua kali, halafu masika. Anachukua likizo Januari, anakuja kusini akidhani ni kiangazi. Huku hatuna vuli na masika. Tuna mvua moja, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, wakati mwingine ikagusa Mei. Februari inaweza kupumzika kidogo, ila Januari uko katikati ya msimu. Udongo mwekundu wa Nanyamba ukilowa unajaa ndani ya madigadi mpaka tairi linakataa kuzunguka.

Muda mzuri ni kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Oktoba. Juni nchi bado ina kijani na Newala usiku kuna baridi ya kutosha kutaka sweta. Septemba mashamba yanachomwa na anga linakuwa na ukungu wa moshi, hutaona mbali. Oktoba mabibo yameiva, yanadondoka njiani, harufu yake tamu inakufuata kilomita nyingi. Ni mwezi ninaoupenda kuliko yote, lakini ujue korosho zikianza kuingia maghalani na malori yanaanza.

Kuna jambo la Juni hadi Septemba ambalo halimo kwenye maelezo ya safari yoyote niliyowahi kusoma. Ni salfa. Mikorosho inapotoa maua, wakulima wanapuliza unga wa salfa kuzuia ubwiri unga, na wanapuliza alfajiri, upepo umelala na majani yana umande ili unga ushike. Sasa alfajiri hiyohiyo ndiyo saa nzuri ya kupita kwenye mchanga, kwa sababu umande unaushikanisha. Utatoka Tandahimba saa kumi na mbili ukiwa na furaha, ghafla mbele yako kuna wingu la manjano limetanda kati ya mikorosho, na mlio wa mashine ya mgongoni. Macho yanawasha kama umekata vitunguu, na koo linakauka. Vaa miwani inayofunika macho, funga kitambaa puani, na ukiona wingu simama usubiri litulie. Mpungie mkono mpulizaji. Mara nyingi atazima mashine upite.

"Bila pikipiki kubwa hufiki"

Nimezunguka sehemu kubwa ya mikoa hii miwili, Lindi na Mtwara, kwa pikipiki ya cc 150, ileile inayobeba abiria stendi. Kwa safari ya namna hii naiona bora kuliko zile nzito za cc 600 na zaidi, na sisemi hivyo kwa sababu ya bei.

Kwanza mchanga. Uwanda wa Makonde, hiyo nchi ya juu ya Tandahimba na Newala, umekaa juu ya mawe ya mchanga yaliyosagika kwa miaka mingi, ndiyo sababu njia za ndani zina kichanga kirefu. Ndiyo sababu pia maji hayakai juu: mvua inanyonywa, na kwa vizazi akina mama wa Kimakonde walishuka mabonde na kupanda tena na vyungu kichwani. Maji hayo hutokea chini, miguuni mwa uwanda, na Ndanda penye chemchemi ndipo Wabenedikto walipoweka misheni yao mwaka 1906. Kwenye mchanga huo pikipiki nzito ikilala huinyanyui peke yako. Nyepesi unaikamata kwenye kerea, unaivuta, unaendelea. Punguza upepo wa matairi kidogo (na ubebe pampu ya kuurudisha), rudisha uzito nyuma, macho mbali, gesi moja isiyokatika, na usiguse breki ya mbele. Anayetazama tairi lake ndiye anayeanguka.

Pili ni vipuri. Mwaka mmoja nilikatikiwa na waya wa klachi nikipanda uwanda wa Rondo kutokea upande wa barabara ya Masasi. Nikasukuma hadi kijiji cha kwanza. Pale kulikuwa na duka moja la udongo, dirisha la mbao, ndani sukari ya kupima, sabuni za vipande, na kwenye msumari mmoja vimening'inia tyubu mbili, plagi na waya wa klachi wa pikipiki yangu. Kijana wa boda alinifungia kwa spana namba kumi na koleo, nusu saa, tukawa tunazungumza habari za ming'oko, vile viazi vya porini. Mwenzangu aliyekuja mwaka uliofuata na pikipiki kubwa alipata hitilafu ya waya huohuo pale Mtama. Alilala siku tatu akisubiri wa kwake uje na basi.

Kukosa mafuta nako kunaogopwa kupita kiasi. Vituo vipo Lindi, Mnazi Mmoja, Masasi, Newala. Vijijini utauziwa ya chupa. Ishike juani kwanza: ikiwa na tabaka mbili, chini kuna maji. Chuja kwa kitambaa kizito, na usisubiri tanki likauke ndipo utafute.

"Ramani ya simu inatosha"

Ramani ya simu haitofautishi barabara ya wilaya na njia ya kwenda shamba la mtu. Huko Rondo na Newala vijijini, zote mbili zinaonekana mstari mwembamba uleule. Tena ukimuuliza mtu "Ni mbali?" atakujibu "Si mbali", kwa ukarimu, asikuvunje moyo.

Mzee mmoja wa Kitangari ndiye aliyenifundisha kuuliza. Nilimkuta kibarazani akisuka mkeka.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Unakwenda wapi na mizigo hiyo?"

Nikamweleza. Akaniambia, "Usiulize mbali. Nenda pale kijiweni, uliza boda anatoza shilingi ngapi hadi huko. Kisha uliza jana alitoza ngapi."

Tangu siku hiyo sijapotezwa tena. Nauli ya boda ina kila kitu ndani yake: umbali, mchanga, kilima, daraja lililobomoka. Kilomita 15 zikigharimu mara mbili ya kilomita 15 za upande wa pili, umeshaambiwa hali ya njia. Na nauli ikiwa imepanda ghafla kuliko jana, muulize sababu, atakuambia ni mto gani umejaa.

"Ukitoka pwani hakuna cha kuona"

Wanaosema hivi wameishia Kilwa Kisiwani na Mikindani. Siyapuuzi maeneo hayo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye urithi wa dunia tangu 1981, na Mikindani ndipo Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Lakini uwanda unapanda taratibu kutoka baharini, kilomita baada ya kilomita, huhisi hata kama unapanda, mpaka Newala. Halafu unakatika. Pale ukingoni panaitwa Shimo la Mungu. Ardhi inaondoka chini ya miguu yako, bonde la Ruvuma limelala kote chini, na ng'ambo ni Msumbiji. Nenda asubuhi, ukungu ukiwa bado chini na wewe uko juu yake. Zima pikipiki. Utasikia jogoo wa vijiji vya bondeni.

Ukishuka Masasi unakutana na nchi nyingine kabisa, majabali yamesimama peke yake kwenye tambarare. Mji umekaa katikati yao. Nakushauri ulale hapo usiku mmoja, uyaone jioni yakigeuka rangi.

Na mwenye kupenda historia akitoka Somanga aache lami pale Njia Nne, apande milima ya Matumbi kwenda Kipatimu. Vita vya Maji Maji vilianzia huko, Nandete, Julai 1905, na kuna mnara wa kumbukumbu. Ni njia ya vilima na minazi na migomba, na huenda siku nzima usikutane na mgeni mwingine.

Tendaguru, kaskazini magharibi mwa Lindi, nalo watu huja wakitafuta dinosaria. Hayupo. Wajerumani walichimba hapo kati ya 1909 na 1913, msimamizi mkuu wa vibarua akiwa Boheti bin Amrani, na mifupa ikabebwa kwa vichwa vya watu, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Yule dinosaria mrefu, mifupa iliyounganishwa ikafika zaidi ya mita 13 kwenda juu, amesimama Berlin. Tendaguru utakuta kilima, pori na njia ya miguu. Mimi niliona inafaa kwenda, kwa ajili ya wale wapagazi, ila mwambie mwenzako mapema asije akakasirika.

"Mto Ruvuma uko wazi, unavuka tu"

Hapa sina maneno mengi. Vurugu za Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji ng'ambo ya mto, zilianza Oktoba 2017, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya upande wetu kilishambuliwa. Vijiji vya kando ya mto usiende bila kuuliza polisi kwanza, na usipige picha za doria. Daraja la Umoja pale Mtambaswala lipo tangu 2010, lakini ni mpaka wa nchi, una taratibu zake. Mandhari ya mto yaone kutokea Newala.

"Kwa pikipiki naingia popote"

Hifadhi za taifa haziruhusu pikipiki. Anayefika Liwale akitumaini kukatiza Hifadhi ya Nyerere atarudishwa. Kilwa Kisiwani unalipia kibali Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua, na Msimbati ni ndani ya hifadhi ya bahari, kuna kiingilio.

"Usiku barabara iko tupu"

Iko tupu mpaka unapokutana na baiskeli isiyo na taa, ng'ombe, au lori bovu. Dereva aliyeharibikiwa anaweka matawi barabarani kuonya wenzake. Akitengeneza anaondoka, matawi yanabaki. Pikipiki ikipanda matawi mabichi kwenye kona saa mbili usiku ni kama imepanda sabuni. Saa kumi na moja jioni nakuwa nimeshapata pa kulala.

Na pa kulala kijijini huhitaji hema la kujificha porini. Kufanya hivyo ndiko kunakozusha maneno, watu wanaona moto usiku na hawajui ni nani. Fika kabla jua halijazama, uliza kwa mwenyekiti au mtendaji, salimia, eleza ulikotoka na unakokwenda. Mara nyingi utapewa chumba cha shule au uwanja wa ofisi, na mama mmoja atakuuliza kama unakula ugali wa muhogo. Andika jina lako, namba ya simu na namba ya pikipiki kwenye daftari la kijiji, ndipo ufungue mizigo.