Mfumo endeshi mpya umefaulu kweli? Usianzie kwenye idadi ya leseni

Windows Vista, mfumo endeshi wa Microsoft, iliingia sokoni kwa watu wa kawaida tarehe 30 Januari 2007, na mwezi Machi Microsoft ikatangaza kwamba katika mwezi wa kwanza iliuza leseni zaidi ya milioni 20. Kufikia Januari 2008 hesabu ilikuwa imepita milioni 100. Ukiziona tarakimu hizo peke yake utasema mfumo umefaulu sana. Lakini katika kipindi hichohicho Microsoft ilisogeza mbele tarehe ya kuacha kuuza Windows XP, mfumo uliotangulia Vista, kutoka 31 Januari hadi 30 Juni 2008, kwa kuwa wateja bado walikuwa wanaitaka. Mimi naiamini tarehe ile iliyosogezwa kuliko leseni zote milioni 100.

Leseni nyingi hununuliwa na mtengenezaji wa kompyuta. Huhesabiwa kabla mtumiaji hajawasha mashine, na hazipungui hata fundi akifuta diski jioni ileile na kurudisha mfumo wa zamani. Tena aliyenunua kompyuta yenye Vista Business au Ultimate aliruhusiwa na leseni yenyewe kurudi XP Professional, na mashine yake ikaendelea kuhesabiwa kuwa ya Vista. Kwa hiyo idadi ya leseni hukueleza jinsi kompyuta zilivyouzika, basi.

Swali langu la kwanza huwa hili: kati ya waliokuwa na nafasi ya kukataa, wangapi wamekubali? Watenge waliokuta mfumo umo ndani ya mashine mpya. Watenge pia waliosukumwa, yaani waliohama kwa sababu mfumo wao umekatiwa masasisho ya usalama. Windows 10 ilifikia hapo tarehe 14 Oktoba 2025, na aliyehamia Windows 11 kwa kuikimbia tarehe hiyo hajasema kwamba ameipenda. Wanaobaki ni wale ambao kompyuta yao ilikuwa inafanya kazi vizuri, hakuna aliyewalazimisha, nao wakahama na wakakaa. Hao ndio mashahidi wa kuaminika. Usisahau kwamba wapo pia waliotaka kuhama wakafungiwa mlango: Windows 11 inadai TPM 2.0, yaani kijenzi cha usalama ndani ya kompyuta, na prosesa iliyomo kwenye orodha iliyoidhinishwa. Aliyekwama hapo usimwandike kwamba ameukataa mfumo.

Asilimia za soko nazo zina mtego wake. StatCounter, kampuni inayokusanya takwimu za matumizi ya mtandao, kwa mfano, huhesabu kurasa zinazofunguliwa, si mashine, kwa hiyo mtu mmoja anayeshinda mtandaoni ana uzito kuliko kumi wanaofungua kivinjari mara moja kwa siku. Halafu kuna kigawanyo. Chukua ofisi yenye kompyuta 1,000, ambapo 300 zina mfumo mpya: hiyo ni asilimia 30. Ikitupa mashine 200 za zamani bila kununua nyingine, mfumo mpya unapanda hadi asilimia 37.5, na hakuna hata mtu mmoja aliyehama. Kila ukiona asilimia imepanda, dai idadi kamili.

Kipimo ninachokithamini zaidi kiko ndani ya mashine yenyewe. Tangu Vista, Windows ina kifuatilia uthabiti: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, kisha Enter. Utaona mstari unaopanda na kushuka kati ya 1 na 10, siku kwa siku, na chini yake alama nyekundu za X mahali palipotokea hitilafu. Usikimbilie kuangalia alama ya jumla. Angalia X zimekaa safu gani. Zikijaa safu ya programu na jina ni lilelile kila mara, wa kulaumiwa ni mwenye programu hiyo. Zikiwa safu ya Windows yenyewe, au ukikuta mashine imezimika bila utaratibu mara kwa mara, shuku draiva kwanza, yaani programu inayouwezesha mfumo kuendesha kifaa, hasa ya kadi ya michoro. Vista ilibadilisha muundo mzima wa draiva za michoro. Zilizotoka mapema zilikuwa mbichi, skrini zikaganda, na lawama zote zikaangukia mfumo. Mtumiaji hana kosa kulaumu hivyo. Mfumo usiokuwa na draiva imara siku ya kutoka haujakamilika, hata kama msimbo wake ni safi.

Ukitaka kupima kazini, chagua mashine 20 zinazofanana, 10 zihame na 10 zibaki. Ziache mwezi mzima na kazi zake za kawaida, printa na skana zikiwa zimeunganishwa, kisha linganisha safu hizo. Bila lile kundi lililobaki huwezi kujua kama hitilafu imeletwa na mfumo mpya au ilikuwepo tangu zamani.

Mwenendo wa watengenezaji programu nao unasema mengi. OS/2 2.0, mfumo endeshi wa IBM wa mwaka 1992, iliweza kuendesha programu za Windows. Ilionekana kuwa nguvu, kumbe iliwaondolea waandishi wa programu sababu ya kuihangaikia: ukiandika kwa ajili ya Windows umeshawafikia wote wawili. Kwa hiyo usihesabu programu zinazokubali kufunguka. Hesabu zile zinazotumia uwezo ambao mfumo wa zamani hauna.

Kuhukumu mapema hukosea pande zote mbili. Mac OS X 10.0 ya Apple ilitoka tarehe 24 Machi 2001 ikiwa nzito, na haikuweza hata kucheza DVD. Aliyepima wiki ile angeizika. Toleo la 10.1 lilifuata Septemba mwaka huohuo, na Januari 2002 Apple ikaanza kuifanya mfumo wa kwanza kuwaka kwenye kompyuta mpya. Dalili ilikuwa kasi ya kurekebisha kasoro, na programu za zamani ziliendelea kufunguka wakati waandishi wanahamisha kazi zao.

Kuhusu siku za kungoja: Windows 11 hukupa siku 10 za kurudi ulikotoka, kisha folda ya Windows.old, inayohifadhi mfumo wa zamani, hufutwa na njia hiyo hufungwa. Anayebaki siku ya 11 huenda amebaki kwa kukosa njia tu. Mimi hupima siku ya 9, nikihesabu waliorudi, kisha baada ya mwaka, nikiuliza jambo moja: kompyuta inapoharibika na kusafishwa upya, mwenyewe anaomba iwekewe mfumo gani?